UZI: Nani aamue kwamba nyumba yako ni kubwa mno?

1.
Mjadala umerudi tena. Ati mtu anayeishi peke yake kwa nyumba ya kaunti yenye vyumba viwili ahamishwe, aingie kwa chumba kimoja, ili familia yenye watoto ipate nafasi. Nimesoma maoni yenu tangu jana usiku. Nusu wanasema hiyo ni haki kabisa, nusu wanasema ni unyama, na wote wanabishana kama jambo lenyewe limezaliwa juzi. Halijazaliwa juzi. Hapa kwetu lina karibu miaka mia moja.

2.
Mimi nasomea sayansi ya siasa. Nyumbani ni Matulo, kaunti ya Bungoma, hapo kando ya Webuye. Kama kawaida ya nyuzi zangu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukija kwa maoni kumtetea au kumtusi mheshimiwa wako, nitakupita tu. Uzi ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai.

3.
Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu wanayachanganya.
Nyumba ya umma: imejengwa na serikali au kaunti, na kodi yake iko chini ya ile ya soko.
Msaada wa kodi: serikali au mwajiri anakupa pesa za kulipia nyumba, iwe ya nani.
Kanuni ya ukubwa: mtu wa aina gani anastahili vyumba vingapi.
Uingereza haya matatu yamefungwa pamoja. Kenya kila moja limekaa kivyake, na hapo ndipo mabishano yetu yanapopotea njia.

4.
Sasa niwaambie kwa nini linanigusa. Kukhu, yaani nyanya yangu, alikaa kwa nyumba ya kanjo katika mji mmoja wa huku magharibi kwa zaidi ya miaka 30. Kuka, babu yangu, alikuwa mfagiaji wa baraza la mji, na nyumba aliipata kupitia kazi. Vyumba viwili, jiko nje, choo cha kushiriki na majirani. Kuka alipofariki, kukhu aliendelea kulipa kodi kwa pesa za mboga alizouza langoni mwa esteti. Mwaka wa 2016 akaja afisa na karatasi. Nitarudi hapo. Kwanza historia.

5.
Tuanze Kitale, kwa sababu wengi hudhani hadithi ya makazi ni ya Nairobi peke yake. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Sheria ya 1918 ilisema Mwafrika angeweza kukaa na familia yake kwenye shamba la mzungu, lakini kwa kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za walowezi nguvu ya kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo ya skwota. Mkataba ukiisha, nyumba nayo imeisha. Shikilia hilo: paa lilikuwa sehemu ya kazi. Halikuwa haki ya mtu.

6.
Mjini fikra ilikuwa ile ile. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa mjini kama mpita njia. Mwanamume aje peke yake, afanye kazi, kisha arudi kwa mke na shamba. Kwa hiyo makazi yalihesabiwa kwa vitanda. Mwajiri wa Nairobi angekodi nafasi ya kitanda kwa ajili ya mfanyakazi wake, wanaume kadhaa wakirundikana kwa chumba kimoja. Mke na watoto hawakuwemo kwenye hesabu. Walikuwa Bungoma, Murang'a, Siaya, Machakos, wakijilisha wenyewe.

7.
Na hapa ndipo pesa inaingia. Kama mfanyakazi ni kapera kwenye karatasi, mshahara wake pia utakuwa wa kapera. Mke aliyelima mahindi kijijini alikuwa akimpunguzia mwajiri wa mjini gharama bila yeye kujua. Ukubwa wa chumba na ukubwa wa mshahara vilipimwa kwa kamba moja. Ndiyo maana nasema kanuni ya vyumba si jambo la kiufundi tu. Kwanza inaamua familia ni nini, halafu inaamua nani atalipia.

8.
Wafanyakazi walilielewa hilo mapema kuliko wasomi. Mgomo wa Mombasa wa 1939 ulichochewa na habari ya marupurupu ya nyumba: kodi ilikuwa imepanda, na wafanyakazi wa serikali wakataka walipwe kitu cha kuifidia. Moto ukaenea hadi bandarini. Januari 1947 mji ule ule ukasimama tena kwa karibu wiki mbili, maelfu na maelfu ya watu wakiwa nje ya kazi. Mshahara na gharama ya kuishi mjini ndiyo yalikuwa maneno yao.

9.
Mwaka wa 1954 kamati ya serikali yenyewe, ile inayojulikana kwa ripoti ya Carpenter, ikakiri. Ilisema takriban nusu ya wafanyakazi wa mjini kwenye kampuni binafsi, na robo ya wale wa utumishi wa umma, walilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya msingi. Ikapendekeza mshahara uhame polepole kutoka ule wa kapera hadi ule wa mtu mwenye familia. Soma tena: serikali ya kikoloni ilikubali kwa maandishi kwamba mfanyakazi ana mke na watoto. Ilichukua zaidi ya miaka 50 ya ukoloni kufika hapo.

10.
Uhuru ukaja. Sera ya makazi ya 1966/67 ikaahidi nyumba bora kwa kila familia, na mwaka wa 1967 tukapata Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi bodi ya makazi ya wakati wa ukoloni. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kuta hazibadiliki kwa sababu bendera imebadilika. Familia ziliingia kwenye vyumba vilivyojengewa makapera. Ukiona leo esteti ya zamani ya kaunti imejaa vibanda vya mabati vilivyobandikwa ukutani, usikimbilie kusema watu hawana adabu. Wanamalizia nyumba ambayo haikujengewa watoto.

11.
Na fikra ya nani anahesabika haikufa. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanamke mtumishi wa umma akiolewa alinyimwa marupurupu ya nyumba aliyopata mwenzake mwanamume. Hoja ilikuwa kwamba mume wake ndiye anayempa nyumba. Kanuni hiyo iliondolewa baadaye, lakini jiulize ni walimu na wauguzi wangapi walistaafu wakiwa wamelipwa nusu ya haki yao kwa sababu mtu ofisini alidhani anajua jikoni kwao kuna nini.

12.
Sasa leo tuko wapi? Kenya hatuna msaada wa kodi kutoka kwa serikali kama ule wa Uingereza. Tulicho nacho ni kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007: mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amlipe pesa za kodi juu ya mshahara. Katika amri ya jumla ya mishahara ya kima cha chini, marupurupu hayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Huu ni mtoto wa moja kwa moja wa hadithi niliyowaambia. Paa bado limefungwa kwa kazi.

13.
Tatizo: Wakenya zaidi ya wanane kwa kila kumi wenye kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mtu wa bodaboda, mama mboga, fundi wa jua kali, hao kifungu cha 31 hakiwajui. Kuna pia ile sheria ya kudhibiti kodi yenye mahakama yake ya wapangaji. Lakini inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Niambie mji gani utapata nyumba ya familia kwa 2,500. Kwa hiyo kwa mtu wa chini, ngazi iliyobaki ni moja: nyumba ya kaunti. Ndiyo maana ikiguswa watu wanapiga kelele.

14.
Webuye ilitufundisha somo hili kwa viboko. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi miaka ya 1970, na mji mzima ukakua ukikiegemea. Januari 2009 kikafunga. Baadaye kilijaribiwa kufufuliwa kikayumba, na mwaka wa 2016 kikauzwa. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka vile mji ulivyonyamaza. Watu walifunga virago, nyumba zikabaki na milango yenye kufuli, na wenye nyumba waliokuwa wakichagua wapangaji sasa wakawabembeleza. Wengine walirudi vijijini, Matulo wakiwemo. Nyumba ikitegemea kazi, kazi ikifa unapoteza vyote viwili kwa siku moja.

15.
Twende Uingereza, kwa sababu kila mtu kwenye mjadala huu anaitaja na wachache wameisoma. Kule mabaraza yalianza kujenga nyumba kwa wingi baada ya sheria ya 1919. Kuanzia 1980 wapangaji wakapewa haki ya kununua nyumba zao kwa bei ya punguzo, na karibu nyumba milioni 2 zikauzwa kwa miaka iliyofuata. Zilizojengwa kuziba pengo zilikuwa chache mno. Orodha ya kungoja ikarefuka. Hapo ndipo swali likaibuka: kwa nini wengine wana chumba kitupu?

16.
Jibu lilikuja tarehe 1 Aprili 2013. Mpangaji wa nyumba ya umma aliye na umri wa kufanya kazi na anayepokea msaada wa kodi akaanza kuhesabiwa vyumba. Chumba kimoja kwa wanandoa au kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 walale pamoja. Wawili walio chini ya miaka 10 walale pamoja hata kama ni mvulana na msichana. Chumba kimoja kikizidi, msaada unakatwa asilimia 14 ya kodi. Viwili au zaidi, asilimia 25.

17.
Waliounga mkono walisema wanaondoa ruzuku ya chumba cha ziada. Waliopinga wakaiita ushuru wa chumba cha kulala. Angalia jinsi jina tu linavyoshinda nusu ya mjadala! Hoja ya kwanza ilikuwa na uzito: mpangaji wa nyumba binafsi tayari alikuwa anahesabiwa vyumba, kwa nini wa nyumba ya umma asihesabiwe? Hoja ya pili nayo ilikuwa na uzito: maeneo mengi hayakuwa na nyumba ndogo za kutosha. Unamwambia mtu ahame, ahamie wapi? Wengi hawakuhama. Walibaki, wakalipa pengo kutoka kwa pesa za chakula au wakaingia deni.

18.
Mambo mawili ambayo wanaonukuu Uingereza hapa kwetu huyaacha. Moja, wastaafu hawakuguswa. Kanuni ile ile mnayoitumia kutaka wajane wazee wahamishwe iliwaondoa wazee tangu siku ya kwanza. Mbili, Novemba 2016 Mahakama ya Juu ya kule ilisema baadhi ya walioguswa walibaguliwa. Mmoja wa walioshinda ni familia ya babu na nyanya waliokuwa wakimlea mjukuu mlemavu aliyehitaji mtu wa kukesha naye usiku. Chumba kilichoitwa cha ziada kilikuwa cha huyo mlezi. Scotland nayo iliamua kulipia pengo kutoka kwa mfuko wake.

19.
Sasa rudisha kanuni hiyo Bungoma. Kwetu Wabukusu, kijana akishatahiriwa halali tena kwa nyumba ya wazazi wake. Anajengewa simba yake kando. Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, hiyo ni heshima ya ukwe. Mjini hakuna nafasi ya kujenga simba, kwa hiyo chumba cha pili ndicho simba, ndicho chumba cha wageni wa matanga, ndicho ghala la magunia ya mahindi kutoka nyumbani. Kwenye karatasi ya afisa kinaitwa chumba kitupu. Sisemi mila ishinde kila kitu. Nasema anayehesabu ajue anahesabu nini.

20.
Turudi kwa kukhu. Afisa alikuja Agosti 2016. Wale wa huku mnajua Agosti ya mwaka wa shufwa ni nini: msimu wa tohara. Tulikuwa sote Matulo, tumesindikiza mtoto wa nyumbani. Mimi na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, tulikuwa tunasoma shule ya kutwa mjini na tulilala kwenye chumba cha pili muhula wote. Lakini siku hiyo shule zimefungwa, vitanda vimetandikwa, nyumba imenyamaza. Afisa akaandika: mkaaji mmoja. Kukhu akamwambia kuna wajukuu. Akajibiwa wajukuu hawako kwenye kadi ya mpangaji.

21.
Akapewa barua. Ahamie chumba kimoja, upande wa pili wa mji, kwa sababu vyumba viwili ni vya familia. Kukhu hakupigana. Alisema, "Mwenye nyumba akisema, mpangaji anabeba godoro." Kwenye chumba kimoja hatungeweza kukaa watatu, wavulana wakubwa na mwanamke mzee, pazia katikati. Mimi nilipata shule karibu na Matulo. Ndugu yangu hakupata. Alikaa nyumbani muhula mmoja, kisha akaanza kuendesha boda ya mtu. Hakurudi darasani. Kukhu naye alipoteza lango la esteti na wateja waliomkopa na kumlipa mwisho wa mwezi kwa miaka 20. Mwaka uliofuata akarudi shambani.

22.
Hapa utadhani nitasema hii kanuni ni mbaya, basi. Ngoja. Dada yangu, mtoto wa senge, alikuwa kwa mji huo huo na watoto watatu kwenye chumba kimoja cha mabati, maji ya mvua yakipita chini ya mlango. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kungoja. Aliniambia wazi: "Nampenda kukhu, lakini yeye alikuwa na vyumba viwili na mimi nalaza mtoto chini ya meza." Hakukosea. Nyumba ya umma si urithi. Tukisema aliyeingia kwanza asiguswe milele, tunamwambia mtoto wa dada yangu aendelee kulala chini ya meza.

23.
Kwa hiyo nyumba ya kukhu ilienda kwa dada yangu, au kwa familia nyingine kama yake? Hapana. Miezi michache baadaye aliyekaa pale alikuwa mtu mmoja, kapera, mwenye gari. Hakuna aliyetuambia alichaguliwa vipi. Orodha ya kungoja haikuwahi kubandikwa popote. Sitaji kaunti, na sina ushahidi wa kumshtaki mtu. Nawaambia tu tulichoona kwa macho. Kapera alianza hadithi hii mwaka wa 1930 kwa nafasi ya kitanda, na akaimaliza kwa vyumba viwili na maegesho.

24.
Mtasema hayo ni ya mtu mmoja. Tuangalie Nairobi. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakapelekwa Shauri Moyo. Miaka 80 baadaye, nyumba 48 za kaunti hapo Pangani zikabomolewa ili kujenga zaidi ya 1,400. Safari hii wapangaji walipewa pesa za kuhamia kwingine na ahadi ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Si sawa na 1939. Lakini angalia neno: kununua. Mpangaji wa kodi ya chini amegeuzwa mnunuzi. Kuna atakayeweza, kuna atakayeuza ile nafasi yake.

25.
Na Muthurwa, kwenye nyumba za zamani za reli, wapangaji wengine wakiwa wastaafu, walianza kufurushwa 2010 na kukatiwa maji. Walienda mahakamani. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilikiukwa, ikitegemea kifungu cha 43 cha Katiba: kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine ya kijiji kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ikaweka wazi kwamba hata aliyekaa kwenye ardhi ya umma bila hati anaweza kuililia haki hiyo. Haimaanishi hahamishwi kamwe. Inamaanisha hahamishwi kama takataka.

26.
Halafu kuna sheria mpya ya nyumba za bei nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria inapanga watu kwa kipato: aliye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kwenye nyumba za kijamii, na wa kuanzia hapo hadi 149,000 yuko kwenye nyumba za bei nafuu. Hesabu imetoka kwa kitanda, ikapita kwa familia, sasa iko kwa payslipu. Lakini payslipu haikuambii ni watu wangapi wanaolishwa nayo, na mama mboga hana payslipu.

27.
Kwa hivyo msimamo wangu ni upi? Naamini nyumba ya umma inaweza kugawanywa upya. Naamini hata mtu anaweza kuombwa ahame. Lakini mwanasiasa yeyote akisimama kwa jukwaa na hoja hii, wa upande wako au wa upande wangu, muulize maswali manne kabla ya kupiga makofi.

28.
Swali la kwanza: nyumba ndogo iko wapi? Iwe imeshajengwa, iko karibu na soko, shule na hospitali ya mtu huyo. Ahadi ya nyumba si nyumba.

Swali la pili: nani anahesabu watu, na anahesabu lini? Mara moja Agosti, au kwa mwaka mzima? Mjukuu anayesoma anahesabika? Mgonjwa anayekuja mjini kwa matibabu je? Mpangaji akisema hesabu si sahihi, anakata rufaa kwa nani?

29.
Swali la tatu: anayehama anapewa nini? Usafiri, muda, kodi ya miezi ya kwanza. Uingereza walijaribu kumhamisha mtu kwa kumkata pesa, na wengi walibaki na deni. Afadhali umvute kwa kumpa kitu. Kukhu angepewa chumba kizuri kwenye esteti ile ile, na sisi bweni, angehama akiimba.

Swali la nne, na hili ndilo wanalolikwepa: nyumba inayoachwa inaenda kwa nani? Orodha ya kungoja ibandikwe hadharani, kila jina na tarehe yake. Bila hiyo, mazungumzo yote ya haki kwa familia zenye watoto ni njia ya kumtoa mnyonge ili aingie mwenye kujuana.

30.
Nimemaliza. Kukhu yuko Matulo, anauza mboga barabarani, wateja ni wachache. Ndugu yangu bado ni wa boda, sasa ni boda yake mwenyewe, na hasomi nyuzi zangu. Dada yangu alihamia Kitale, analipa kodi ya soko kwa vyumba viwili, na mtoto aliyelala chini ya meza yuko darasa la sita. Ukiwa na hadithi ya nyumba ya kanjo kwenu, ya kuhamishwa au ya kungoja, iandike hapo chini. Usitaje jina la mtu. Taja mwaka, na idadi ya vyumba.